Lapto Inayozimika Ndani ya Eda

Kama wiki jana hukunisoma, hujakosa la kufurahisha. Yahaya, mume wangu, alipanda moto, hizi pikipiki za abiria, kwenda Gatumba, lori likamkuta njiani, wakamrudisha amefunikwa shuka. Mimi Mwanne nimo ndani ya eda hapa Bwiza, nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Khadidja. Sijalia. Watu wamelisema hilo mpaka midomo imechoka, sasa wanalisema kwa macho.

Yahaya alikuwa mpiga filamu za harusi. Kamera ilivunjika naye barabarani. Ikabaki lapto yake kubwa, zile nene za wacheza gemu, zenye taa chini ya vidole. Watu wa filamu tunazitaka kwa sababu ya karte grafiki, kile kipande cha ndani kinachobeba picha nzito.

Karimu, mdogo wake, naye anaitaka. Ana ndoto ya kufungua chumba cha gemu, vijana waje kucheza mpira. Udongo wa kaburi haujakauka, yeye ameshatafuta meza ya kuiweka. Kufa kufaana. Lakini alipoiwasha gemu yake, kioo kikaingia giza, lapto ikazimika. Akajaribu tena, ikazimika tena.

"Mi sitaki muzoga," akasema.

Ndipo mama mkwe akakata shauri mbele ya ukoo: mashine ikiwa nzima, ni ya Karimu. Ikiwa imekufa, abaki nayo mjane.

Nikasema sawa. Siku hizi kila nikiulizwa nasema sawa.

Sasa sikiliza jambo ambalo nyumba ile haikulijua. Yahaya alishika kamera tu. Aliyekaa na lapto akikata, akipanga, akitia muziki, ni mimi. Tulificha kwa sababu wateja walimwita Maestro na jina lilimnoga. Tena mama yake asingekubali mkwewe ashinde akitazama walevi wa watu wakikata viuno. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwa sipo tangu mwanzo. Eda ikiisha sina mashine ile, narudi Uvira kwa kaka yangu, nipewe kona na sahani ya huruma. Nikiwa nayo, nina kazi.

Mpaka hapo tuko pamoja? Haya.

Harusi ya mwisho aliyoipiga Yahaya ilikuwa ya binti mmoja wa Mutanga Nord, Huguette. Picha zake zote zimo ndani ya lapto, hazijakatwa. Huguette alisubiri kwa adabu, akatupa pole, akasubiri tena. Mwisho akamtuma fundi.

"Bi Khadidja, hodi!" Sauti ya kiume mlangoni. "Mi naitwa Landry. Huguette amenituma kwa ajili ya filamu yake."

"Huku ndani kuna mujane, baba. Huwezi kuingia."

"Siingii, mama. Nitakaa hapa inje, yeye akae ndani. Ataniambia anachoona, mi nitamwambia wapi aguse."

Mama mkwe akafikiri. Harusi ya watu ni amana, na amana hairudishwi ikiwa imefungiwa. Akashusha pazia, akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango na tasbihi yake, goti moja kwangu na goti jingine kwa fundi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutibu lapto, fundi haioni na mimi sijui ugonjwa.

"Dada, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Inazimika namna gani?"

"Naiwasha, inawaka vizuri. Nikifungua programu ya montaji, ile ya kukatia filamu, mistari inapita kwenye kioo, halafu giza. Wakati mwingine programu inapotea peke yake. Wakati mwingine inakufa yote."

"Shaja iko ndani?"

"Ego, iko ndani."

"Chomoa. Fungua tena."

Nikachomoa. Nikafungua. Haikuzimika. Ila ilienda kama mgonjwa aliyetoka kulazwa, picha moja inaganda, nyingine inakuja inajikokota.

"Haijazimika," nikasema. "Lakini haiendi."

"Bon. Ikikosa shaja inaiacha ile karte kubwa ilale, inatumia kidogo. Maana yake ubaya uko kwenye kubwa." Akakohoa. "Tuanze na pilote."

"Rubani gani tena?" mama mkwe akauliza.

"Apana, mama. Ni kaprogramu kanakoiambia karte cha kufanya. Kakiwa kabaya, inachanganyikiwa."

Akanielekeza. Nenda hapa, fungua pale, toa hiki, rudisha cha zamani. Nilifuata neno kwa neno. Ni rahisi kufuata maneno ya mtu usiyemwona, na mimi sikuwa na maneno yangu. Tukawasha upya, tukachomeka shaja, nikafungua montaji. Mistari. Giza.

"Imekufa tena."

"Kweli?"

"Nikudanganye nipate nini?"

Mama mkwe akanikata jicho. Mjane hajibu hivyo. Nikasema samahani, Landry akasema si kitu. Kisha akaniambia niweke kiganja chini ya mashine, upande wa nyuma.

Nikaweka. Nikauacha mkono pale.

"Dada? Iko moto?"

"Iko moto."

"Moto wa kuweza kuvumilia?"

Nikautazama mkono wangu. Ulikuwa mwekundu. Nakwambia kweli, niliona wekundu kabla ya kusikia uchungu.

"Mwanne, toa mukono!" mama mkwe akapiga kelele. "Toa, we mutoto! Unajichoma!"

Nikautoa. Akaniletea maji ya mtungi, akaushika mkono wangu ndani ya bakuli, akinung'unika Astaghfirullah. Yeye ndiye aliyekuwa na machozi.

Nje, Landry alikuwa anafikiri kwa sauti. "Hiyo ni homa. Karte ikipata joto sana inajizima yenyewe ili isife. Unaiweka wapi ukiiwasha?"

"Kwenye godoro. Niko kwenye eda, nakaa chini."

"Godoro linaziba matundu, haipumui. Lakini godoro peke yake haliwezi kuifikisha huko. Ilianza lini?"

"Tangu musiba."

"Siku ya musiba ilikuwa imezimwa?"

Nikakumbuka. Siku ile asubuhi niliiacha inapika filamu ya watu wengine, ya picha walizojipigia wenyewe kwa simu. Sisi tunasema kupika, pale mashine inaposhona vipande vyote kuwa filamu moja, na hapo ndipo inapochemka kuliko wakati wote. Niliiacha inapika, nikaenda kuosha vyombo, simu ikalia.

"Ilikuwa inafanya kazi," nikasema. "Sikuirudia tena."

"Na nani aliizima?"

Kigoda kikalia. Mama mkwe alikuwa amejigeuza.

"Hakuna aliyeizima," akasema taratibu. "Mi niliifunika."

"Uliifunika na nini, mama?"

"Kitenge. Kizito, cha kukunja mara mbili. Kwetu mutu akifa hatuachi vioo wazi. Nilifunika kioo cha ukutani, nikafunika televisheni, nikaona na ile inawaka chumbani kwa mwanangu, nikaifunika. Kisha nikaweka chetezo cha ubani pembeni yake, chumba kinukie vizuri kabla hawajamuleta."

Landry hakumlaumu. Ni kijana mwenye adabu, Mkongo wa Bukavu, anajua wapi pa kunyamaza.

"Ilikaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka tulipomaliza kusoma hitima. Nilipotoa kitenge ilikuwa kimya, nikafikiri watu wa nyumba wameizima." Tasbihi ilikuwa imesimama kwenye kidole. "Kwa hiyo mi ndo nimeiua?"

"Haijakufa, mama. Imeungua kidogo."

"Nilifikiri naiheshimu."

Nikamshika bega kwa mkono ule uliolowa, basi.

Landry akasema tumpitishie mashine. Tukaipitisha chini ya pazia kama sahani ya wali. Nikasikia bisibisi, nikasikia akipuliza, akapiga chafya.

"Yesu wangu! Humu ndani kunanuka kanisa!"

"Kunanuka ubani," mama mkwe akamrekebisha.

Akatueleza: feni zote mbili zilikuwa zimejaa nyuzi za godoro, na moshi wa ubani ulikuwa umezigandisha nyuzi zile kwenye mapanga kama ugali kwenye sufuria. Na ile pate nyeupe, dawa ya kupaka inayokaa juu ya karte, ya kuchukua joto na kulipeleka kwenye feni, ilikuwa imekauka imekuwa unga. Alikuwa amekuja na kila kitu ndani ya mfuko wake. Akasafisha, akapaka pate mpya, akafunga. Mashine ikarudi chini ya pazia.

"Iweke juu ya kitu kigumu," akasema. "Usiiweke tena godoroni."

Nikageuza sinia la chai, nikaiweka juu.

"Sasa lazima tuitese, tuone kama inavumilia. Lakini tusiitese na harusi ya Huguette. Ikizimika katikati, faili inaweza kuharibika, na hapo ndo basi. Hakuna kitu kingine kizito humo?"

"Kuna gemu ya mupira ya Karimu."

"Ile inafaa kabisa. Fungua ucheze."

Hapa unicheke kama unataka. Mjane ndani ya eda, nguo nyeupe mpaka kwenye kisigino, akafungua mpira. Nilijua vizuri kwamba ikipona ni ya Karimu. Nilijiambia itajaribiwa kidogo tu, nitaizima, mama mkwe hajui tofauti ya mashine nzima na mashine inayowaka. Sikufikiria sauti. Kichwa changu siku hizi hakibebi mambo mawili.

Uwanja ukafunguka. Feni zikavuma. Nilisubiri mistari, haikuja. Nilisubiri giza, halikuja. Nikasukuma vitufe ovyo, mtu wangu mmoja akapiga teke, mpira ukaingia.

Na watu wote wa uwanja ule wakasimama wakapiga kelele ndani ya nyumba ya msiba.

"Gooooo!" Mtangazaji alilia mpaka madirisha yakatetemeka.

"Inavumilia!" Landry akashangilia nje. "Dada, inavumilia!"

Jirani yetu Lubna alikuwa uani, ameleta uji. Akafunua pazia, akaniona na vidole vyangu kwenye vitufe.

"Yallah! Mujane anacheza mupira! Hajalia, kumbe anafunga magoli!"

"Lubna, nenda nyumbani kwako," mama mkwe akasema.

"Mi naenda, mama, naenda. Lakini nimeona!"

Akaenda. Wakati huohuo nikasikia viatu vinakimbia. Karimu alikuwa kibandani kwa jirani anakunywa chai. Sauti ya mtangazaji yule anaijua kuliko ya muadhini.

Akaingia bila hodi, akapita hata kigoda cha mama yake. Karimu si maharimu yangu, nikavuta mtandio usoni. Yeye wala hakunitazama. Aliitazama mashine.

"Shemeji! Inawaka?"

"Inawaka," nikasema. Sikuona faida ya kusema uongo mbele ya uwanja uliojaa watu.

"Mama, si ulisema ikiwa nzima ni yangu? Si ulisema?"

"Nilisema."

"Basi naondoka nayo."

"Apana," nikasema.

Wote wakanigeukia. Hata mimi nilishangaa, sauti ilitoka kavu kama ya mtu anayekataa chumvi.

"Hiyo ni kazi yangu, mama. Filamu zote nilizikata mi. Yahaya alikuwa anapiga, mi nakata. Tangu tulipooana."

Karimu akacheka. "Ewe shemeji! Maestro ameenda, sasa na wewe umekuwa maestro?"

"Muulize kaka yako."

"Amekufa, sha. Nitamuuliza namna gani?"

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama muda mrefu. "Mwanne. Sijawahi kukusikia unasema uongo. Lakini sijawahi kukusikia ukisema hili pia. Tuoneshe."

Nikafunga mpira. Nikafungua harusi ya Huguette, picha mbichi, kama zilivyotoka kwenye kamera. Kadi ya kwanza ya kamera. Ukumbi, taa, watu wanakaa. Mjomba mmoja aliyefungua shati anayumba mbele ya keki.

Kisha sauti ya Yahaya, karibu kabisa, kwa sababu mpiga filamu ndiye aliye karibu zaidi na kipaza sauti.

"Mwanne, huyu mujomba amelewa tangu kanisani. Umutoe kabisa, nisimuone kwenye filamu."

Tasbihi ikaanguka.

"Mwanne, hapa mwanga mubaya, nimekosea. Utaniokoa, si ndiyo? We unajua kuniokoa." Akatembea, picha ikatikisika. "Mwanne, nina njaa, wallahi. Hawa watu wamegawa nyama mara mbili, mi naiona tu inapita."

Ndivyo alivyokuwa akifanya. Badala ya kuandika, alinisemesha. Harusi nzima alikuwa nami, ukumbini kati ya ngoma na bia za watu, ananiambia kata hapa, acha hapa, mtazame yule bibi anavyocheza. Nami nyumbani nilimsikiliza, nikafanya, halafu nikaitoa sauti yake, nikaweka muziki juu.

Karimu alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

Mama mkwe alishuka kwenye kigoda, akakaa chini sakafuni, magoti yake yakigusa sinia. Akakiwekea kioo kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mjomba, mwanga, njaa.

"Tena."

Nikarudisha tena. Alikuwa analia bila sauti na anatabasamu kwenye njaa. Nje Landry alikuwa anafunga mfuko wake polepole.

"Mashine ni ya Mwanne," mama mkwe akasema. "Karimu, umesikia? Kaka yako mwenyewe amesema."

"Nimesikia, mama."

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa nikisubiri furaha kama ninavyosubiri maji ya bomba, nikajua tu kwamba jambo limekwisha na nina kazi na siendi Uvira.

Mama mkwe akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anasema hivi kwenye kila harusi?"

"Kila harusi, mama."

"Zote mulizofanya?"

"Zote. Hakuwa anaweza kunyamaza."

Akacheka kidogo. "Hakuwa anaweza, kweli. Tangu mutoto." Akasogea, akakaa vizuri, kama mtu anayejiandaa kukaa mchana kutwa. "Haya. Fungua zile nyingine."

Nikarudisha ile ile ya Huguette.

"Mwanne, fungua zile nyingine. Nataka kumusikia."

Harusi moja mbichi inajaza nusu ya mashine. Mteja akishapokea filamu yake, unafuta zile mbichi, unapata nafasi ya harusi inayofuata. Kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo. Yahaya mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniambia, Mwanne futa, Jumamosi tuna nyingine.

"Hazipo, mama."

"Ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Ulizifuta namna gani? Zote?"

"Zote. Imebaki hii."

Akanitazama. Ningeweza kuvumilia angepiga kelele. Aliongea polepole, kama anayetafuta njia kwenye giza.

"Ulikuwa unamusikia mutoto wangu anakuita, anakuchekesha, anakuambia ana njaa. Ukamaliza kumusikia, ukamutupa."

"Mama, ni kazi. Sikujua kama..."

"Na hii ya Huguette? Ukiikata, utaitoa sauti yake?"

"Lazima nitoe. Harusi ni ya watu."

Hapo ndipo nilipoumia. Nilijua ni ule uchungu niliousubiri tangu siku ya lori. Sauti zote zile. Mikono hii hii ndiyo iliyozifuta, mchana kweupe, nikinywa chai.

"Karimu," mama mkwe akasema, bila kuniondolea macho.

"Naam, mama."

"Chukua mashine yako."

"Mama, si umesema..."

"Chukua. Wewe utacheza mupira wako, na hutamukata mutu."

Karimu akainama. Mimi nikaishika upande wangu. Sikupanga kuishika.

"Shemeji, achia."

"Siachii."

Akavuta. Nikavuta. Ndani ya mashine Yahaya alikuwa bado ukumbini, anamwomba mtu fulani ajisogeze kidogo asimzibe bibi harusi, anacheka. Ili Karimu aiondoe ilibidi aifunge, na ili aifunge ilibidi amnyamazishe kaka yake mbele ya mama yake. Akaweka mkono juu ya kifuniko. Akamtazama mama.

Mama mkwe akafumba macho, akainua kidole kumzuia, akasikiliza.